Habari ya gemu iko kibandani, si kwenye trela
Mnaotaka kuandika habari za gemu mkiwa Mbeya: kusimulia trela ambayo kila mtu keshaiona si uripoti. Nendeni kwenye vibanda vya kulipia kucheza gemu, Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, Jumamosi mchana na daftari. Uliza mechi moja bei gani, pedi ya kuchezea hudumu miezi mingapi (ikianza kuvuta yenyewe bila kuguswa, mara nyingi kipimo cha ndani ya stiki kimelika), umeme ukikatika katikati ya mechi nani analipa. Hilo la mwisho peke yake ni makala. Uliza vibanda vitano, si kimoja. Mwenye kibanda akijua unaandika anaweza kukuza namba, kwa hiyo kaa saa nzima uhesabu mechi mwenyewe.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na simu iwe karibu na mdomo wa msemaji maana spika za TV humeza kila kitu. Sura za watoto usipige. Gemu la mpira vijana wataliita FIFA. Tangu toleo la 2023 jina ni EA Sports FC, andika sahihi. Anayelaumiwa mpigie ajibu kabla hujachapisha.

Unafungua tovuti yako ya habari? Ulizia leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza.