Mradi wa picha za garimoshi: nilipofikia

Juni. Boksi limeanza kujaa. Kukusanya picha za garimoshi la mvuke ukiwa Mbeya kuna kichekesho chake, maana TAZARA, reli ya kwenda Zambia inayopita hapa kwetu, ilipofunguliwa mwaka 1976 ilikuja na vichwa vya dizeli. Reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita mbali kabisa na sisi. Kwa hiyo picha ninazopewa Sokomatola na Uyole ni za wazee waliokwenda kufanya kazi Dodoma na Tabora, wakastaafu, wakarudi nyumbani kulima viazi.

Ninachohangaika nacho zaidi ni mwaka. Nyuma ya picha mara nyingi pana muhuri wa studio tu. Karatasi zilizohifadhiwa pamoja nayo husaidia: barua ya ajira yenye jina la Reli na Bandari za Afrika Mashariki haiwezi kuwa ya kabla ya 1948 wala baada ya 1969, mwaka ambao bandari zilitengwa. Kisha natazama bomba la moshi. Likiwa jembamba ukilitazama kwa mbele lakini refu kwa ubavuni, kama limebanwa, hilo ni la mtindo wa Giesl, Mwaustria aliyetafuta njia ya kupunguza matumizi ya mafuta na kuongeza nguvu. Hapo nakisia niko miaka ya 1960 au baadaye.

Julai. Baridi imeshika, na imenifundisha kusoma moshi. Mvuke wenyewe hauonekani. Weupe tunaouona ni mvuke uliopoa ukawa matone madogo. Ndiyo maana alfajiri hizi za Uyole unaiona pumzi yako, na adhuhuri huioni. Picha yenye wingu jeupe nene juu ya kichwa cha treni, basi mpigaji aliamka mapema. Moshi mweusi ni habari nyingine: mafuta hayaungui vizuri, au dereva ameombwa autoe makusudi ili picha ipendeze.

Nimetazama pia picha za wageni waliofuata Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke zenye seti mbili za magurudumu ya kuvuta, zile 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zenye majina ya milima, tani zaidi ya 250 kila moja, zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Ni picha safi. Jua liko mgongoni mwa mpigaji, namba inasomeka, magurudumu yote yanaonekana. Watu hakuna. Ukizitazama nyingi kwa mkupuo unachoka.

Ndiyo maana nampenda O. Winston Link wa Marekani. Kati ya 1955 na 1960 alipiga treni za mwisho za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western, nyingi usiku, kwa taa za balbu alizozipanga mwenyewe kando ya reli, na kila balbu ikiwaka mara moja imekwisha. Ile ya mwaka 1956 ya sinema ya wazi, Iaeger, West Virginia, wapenzi wamekaa garini, ndege iko kwenye skrini, na treni inapita kule nyuma. Ondoa wale wawili garini na hutakumbuka lolote.

Hapa kwetu, picha iliyonishika ni ndogo, imekunjika pembe. Kijana amesimama kando ya magurudumu, ameshika kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, amekunja suruali. Nilimpelekea mzee jirani.

"Shikamoo babu. Huyu unamjua?"

"Marahaba. Huyu alikuwa anatia mafuta kwenye maungio kabla hatujaondoka. Asipotia, chuma kinapata moto, mnasimama porini." Akanitajia jina lake, la baba yake na kijiji. Niliandika nyuma kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele.

Sasa kila picha ninayoinakili kwa simu, dirishani, bila mwanga wa simu, huwa na rekodi ya majina ya watu kabla ya namba ya injini.

Kinachofuata ni Tukuyu. Kuna familia ambayo picha yao imenata kwenye kioo cha fremu kwa unyevu. Nimewaomba wasiibandue, nitaipiga ikiwa humo humo, kioo kimeinamishwa kidogo kisirudishe mwanga. Wanasema anayemfahamu vizuri dereva aliyemo ni shangazi yao, kwa hiyo nimeomba na shangazi awepo.