Chuma cha kuvunjia kungu

"Baba, hiki ni cha nini?"

Kakaa barazani na rundo la kungu alizookota, na mkononi ana kile chuma changu: kichwa cha duara, shingo nene, kutu tupu. Nikamwambia ni cha kuvunjia kungu. Bibi yake alikuwa pembeni anasuka ukili. Hakuinua uso.

Ni boljointi ya ile pikapu yangu ya zamani, kiungo kinachoshikanisha gurudumu la mbele na mkono wa chuma unaolibeba. Ya chini, upande wa kushoto. Mnaoikumbuka ile pikapu mnajua haikuwa na siri, kila kilichoiuma ilikisema kwa sauti.

Mwaka 2012, barabara ya Pangani bado vumbi na mashimo. Nimetoka kumchukua mama mkwe Kigombe, nyuma nazi mia tatu, mbele yeye na kanga yake kichwani. Tunakaribia Tongoni akaniambia, kwa ile adabu ya mtu asiyetaka kumwaibisha mkwewe, "Mwanangu, mbona kama kuna mtu anabisha hodi huku chini?"

"Barabara tu hiyo, mama."

Nilikuwa naisikia wiki tatu nzima. Ngo, ngo, kila nikipita shimo. Tairi la kushoto limeliwa upande wa ndani, nimeliona. Hata kupima nilipima: nikapiga jeki kwenye chesisi, nikalishika tairi juu na chini, nikalitikisa. Kimya. Nikaingia ndani kuoga, nimejipa ufundi mwenyewe.

Jumatatu nikaenda kwa fundi, Makorora, Tanga mjini. Si kwa ajili ya hodi, kwa ajili ya breki zilizokuwa zinalia. Fundi akaizungusha pikapu mtaa mmoja, akashuka, za breki hakutaka hata kuzisikia. "Hii chini nani kakwambia nzima?" Nikamweleza nilivyopima. Akacheka mpaka vijana wake wakageuka.

Jeki yeye aliitia chini ya mkono wa chini, jirani na gurudumu. Springi ya pikapu ile imeukalia mkono huo. Ukiinua chesisi, springi inausukuma mkono chini, boljointi inabaki imebanwa na ugonjwa unajificha. Ukiinua mkono wenyewe, mzigo unaitoka. Kijana mmoja akaingiza mtaimbo chini ya tairi. Fundi akanivuta mkono hadi uvunguni.

"Tia kidole hapa."

Kiraba kilikuwa kimepasuka. Mahali pa grisi pana mchanga, ule mweupe wa pwani, umelowana na kutu mpaka umekuwa uji. Kijana akainua mtaimbo. Tk. Akashusha. Tk. Mwendo wenyewe haufiki hata unene wa sarafu mbili, ila chuma kile kilikuwa kinatembea ndani ya nyumba yake kama jino la mtoto linalosubiri uzi. Nikaacha kidole palepale. Tk. Sauti haikuwa kubwa, sikioni sidhani kama niliisikia. Niliisikia kwenye kucha, ikapanda mpaka kiwiko.

"Kanyaga breki," fundi akamwambia kijana wa pili. Ikakanyagwa. Tk ileile. "Basi beringi haina kosa."

Nikamuuliza, ikichomoka?

"Tairi linalala, gari linapiga magoti. Ukiwa mwendo mdogo, unashukuru."

Mwendo mkubwa hakuusema. Nami nilikuwa bado chini, najaribu kukumbuka nilikuwa nakimbia ngapi pale Tongoni, na kwamba kushoto ndiko anakokaa abiria.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Pini ikatolewa, nati ikalegezwa lakini ikaachiwa nyuzi chache ili mkono usiruke, nyundo mbili za ubavuni, chuma kikaachia. Nilimbembeleza tufanye moja tu. Akabadilisha za chini zote mbili, na pini mpya, kesho yake matairi yakapangwa. Breki zilikuwa na vumbi tu.

Ijumaa nikampakia mama tena. Baada ya Tongoni akasema, "Leo mgeni wako hayupo."

"Wamepitisha greda, mama."

Greda lilikuwa limepita kweli, ila njia ya Muheza. Sijui kwa nini nilisema vile. Pengine ni adabu, maana utamwambiaje mkweo kwamba wiki tatu umempakia juu ya jino bovu na ulikuwa unajua? Au sikuwa nimejua, nilikuwa nimesikia tu. Chuma nilikificha kabatini, nyuma ya makopo ya rangi. Mtoto ndiye aliyekifukua.

Kungu ikapasuka. Mama akanyoosha mkono, akamnyang'anya mjukuu kile chuma, akakigeuza, akakizungusha kichwa kwa kidole gumba.

"Kumbe bado unacho," akasema. Akamrudishia mtoto, akashika ukili wake.