Pale kwenu nitajifunza nini

Sitaki kuuita ugomvi, maana hakuna aliyepandisha sauti. Tulikuwa garini tunatoka Aldi, mimi na binti yangu mkubwa, mchele na vitunguu viko nyuma, taa nyekundu imetusimamisha. Alikuwa ananieleza tena habari za kiangazi, kwamba wenzake wote wanaosoma kuelekea udaktari wameshajua watakuwa wapi mwezi wa sita, yeye bado anapapasa. Nikamwambia kwa moyo mweupe kabisa: nikuombee kazi pale kwetu? Watu wanatafutwa kila siku. Akanyamaza. Halafu akasema, taratibu tu, "Mama, pale kwenu nitajifunza nini?"

Taa ikawaka kijani. Nikasema, "Haya." Nikaondoa gari.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Sasa ni usiku wa kuamkia Alhamisi, saa tisa, niko chumba cha mapumziko na chai ya mashine isiyo na ladha, na bado namsikia. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: hapa kazini tumeuzwa kwa kampuni nyingine, habari tumeikuta kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na jiko, na jana nimeapa uraia wa Marekani, maana yake ule wa Tanzania umekwenda, nitaliandika siku nikiwa na nguvu. Lakini hata nilipoinua mkono wa kulia mbele ya jaji, kichwani mwangu ilikuwa ni nitajifunza nini, nitajifunza nini.

Wanaonisoma siku nyingi mnajua kwetu ni wapi. Mgeni na ajue kwamba ni nyumba ya kutunzia wazee hapa Columbus, nami ni CNA, msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, wa zamu ya usiku. Zamani Ohio walituita STNA. Jina limebadilishwa, mgongo ni ule ule. Huko nyumbani Tanga kazi zetu zote wanazitia kapu moja, kubeba boksi, ingawa boksi mimi sijabeba hata moja, nimebeba watu.

Nimeyarudia maneno yake kwa sauti zote. Jumamosi yalikuwa dharau tupu. Niliona ada, niliona viatu vyangu vya kazini ninavyoviacha nje ya mlango, nikajiambia mtoto amekula kwa mikono hii na leo anauliza inajua nini. Jumapili, nikimsuka mdogo wake, yakageuka aibu: labda hataki kuonekana korido moja na mama yake, mama anaitwa kwa kengele. Jumatatu nikayasikia yamechoka tu, maneno ya mtu aliyekesha na kemia. Jumatatu hiyo hiyo jioni yakarudi kuwa dharau.

Na majibu niliyoyakosa pale kwenye taa yamekuja yote, wakati hayana kazi tena. Ningemwambia utajifunza kumgeuza mtu asiyeweza kujigeuza, kila baada ya saa mbili, usiku kucha, na kutazama nyonga, visigino na mfupa wa mkia, kwa sababu kidonda cha kulalia huanza na wekundu usiopotea ukiubonyeza, na ukiuacha unaweza kuchimba mpaka mfupani. Na mtu akiwa mweusi kama sisi wekundu huo haujitokezi, lazima uguse, utafute palipo na joto au pagumu kuliko pengine. Utajifunza kwamba bibi aliyekuwa anakutania jana, akianza leo kumwita marehemu mumewe na kutukana kila anayepita, usikimbilie kusema akili imekwenda. Mwite nesi, huenda ni mkojo umepata maambukizi. Utajifunza kumlisha aliyepigwa na kiharusi, kinywaji kimetiwa unga wa kukifanya kizito ili kisimwingie mapafuni, kijiko kidogo, kidevu kimeinama, halafu ungoje ameze. Ungoje kweli. Madaktari wengi wanaopita hapa hawajui kungoja. Wanasimama miguuni pa kitanda, wanauliza swali, na kabla mzee hajapata pumzi ya kujibu wameshamgeukia nesi.

Lilikuwapo na jibu jingine, la watu wanavyokufa alfajiri. Hilo nimelifuta hata kichwani. Ana miaka ishirini tu.

Kwenye kundi la familia niliomba ushauri, na ushauri nikapata. Kaka yangu wa Dodoma alituma sauti: kwani PCB yake imekuwaje? Kwake mambo ni mafupi. Kidato cha sita, fizikia, kemia, baiolojia, alama zikiwa nzuri unaomba Muhimbili au Bugando au KCMC, miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, daktari huyo. Nimeshamweleza sana kwamba huku mtoto anamaliza kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aombe chuo cha udaktari cha miaka minne mingine, na baada ya hapo mitatu hadi saba ya kukaa hospitali akijifunza fani yake. Na kwamba alama peke yake hazitoshi. Mtihani wao wa kuingilia, MCAT, unakula saa saba na nusu. Alama zinaanzia 472 na kuishia 528, msiniulize kwa nini haikuwa sifuri na mia. Juu ya hapo wanataka kujua likizo zako ulizifanyia nini. Kaka akaandika, "Likizo ni kupumzika." Sikumjibu, kwa sababu nakubaliana naye.

Lakini chanzo cha yote ni safari. Rafiki yake wa chuoni amejiandikisha na kampuni inayopeleka wanafunzi kujitolea hospitalini, na wanawapeleka wapi? Tanzania. Wiki chache, maelfu ya dola, tiketi ya ndege hujahesabu, na mwisho wanakwenda kutazama wanyama Ngorongoro. Binti yangu naye ametakiwa aweke amana. Alinionyesha picha zao. Kijana mwenye glovu kampakata mtoto wa watu, mtoto analia, kijana anacheka. Nikamuuliza, mama wa mtoto yuko wapi? Akaivuta picha ikawa kubwa. Pembeni tukaona kipande cha kanga na mkono.

Basi nikampigia shangazi. Mnamjua, muuguzi mstaafu, yule wa kisa cha jogoo. Kafanya kazi wodi ya wazazi mpaka miguu ikakataa viatu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko si usiku saa hizi?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akapaliwa.

"Wanakuja, ndiyo. Watoto wazuri, wana adabu zao. Tunawapa viti. Kuna mmoja aliniuliza kama anaweza kuzalisha. Nikamwambia, kwenu umezalisha wangapi? Akasema kwetu sheria hairuhusu. Nikamwambia na huku sheria ipo, simama hapa."

"Akasimama?"

"Akasimama. Umeme ukakatika, yeye na simu yake ndio waliotumulikia. Alitufaa sana yule mtoto, Mungu ambariki. Sasa huyo mjukuu wangu mwambie aje, lakini asimlipe mtu. Atalala kwangu, atanichotea maji, asubuhi nitampeleka akaone foleni ya kliniki. Amana ya nini?"

Kumbe hata wakubwa wa huku wanasema yale yale. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, ilitoa mwongozo mwaka 2011 kuhusu wanafunzi wanaokwenda kugusa wagonjwa nchi za nje: usilofundishwa na usiloruhusiwa kwenu, usikalifanye ugenini, na ukilijaza kwenye maombi ukidhani ni sifa linaweza kukugeuka. Shangazi hahitaji kurasa zote zile.

Kile kicheko kilinilegeza. Jumanne asubuhi nimetoka zamu, nikamkuta binti amelala kwenye kochi, kompyuta iko mapajani, wazi. Sikupekua. Ilikuwa wazi na macho ninayo. Ilikuwa karatasi ya kujipangia maombi ya chuo cha udaktari, mwakani mwezi wa tano fomu yenyewe ikifunguliwa awe tayari. Nafasi kumi na tano za shughuli. Kila shughuli herufi 700, na uwazi kati ya maneno unahesabiwa. Tatu unazichagua kuwa ndizo zenye maana zaidi kwako, hizo unaongezewa herufi 1,325. Na chini ya kila kisanduku mshauri wake wa chuo ameandika swali la kumsaidia kufikiri. Ulijifunza nini hapa?

Nilisimama pale na kapu la nguo chafu. Mtoto alikuwa ananisomea karatasi! Wiki nzima nimenuniana na mshauri ambaye hata simjui sura.

Sikufuta yote. Mtu anaweza kusoma karatasi na dharau ikawa imo humo humo. Lakini kifua kilishuka, na tangu siku hiyo mapumziko yangu yote yanaishia kwenye mchezo mmoja: naandika kazi yangu kwa herufi 700, kwenye simu, natazama namba inavyopanda. Jaribuni mwone. Kidonda cha kulalia peke yake kinakula nusu. Bibi wa mkojo anagonga mlango, hana pa kukaa. Halafu kuna mzee mmoja ambaye sheria ya siri za wagonjwa hainiruhusu kumtaja hata rangi ya soksi, ambaye kila saa kumi alfajiri hunitaka nimfunge tai kwa sababu anachelewa ofisini. Nami namfunga, juu ya nguo za kulalia, tunatembea naye hadi mwisho wa korido, namwambia leo ofisi imefungwa, anafurahi kwelikweli, anarudi kulala. Huyo peke yake anataka zile 1,325. Nilijaribu kumpunguza. Nikatoa tai, mzee mwenyewe akapotea. Nikairudisha tai, nikatoa korido. Nikatoa na neno "kila". Nimefika 702 na sina cha kutoa tena, nimecheka peke yangu hadi mwenzangu wa Ghana akauliza natazama nini.

Sijui hao wanaosoma fomu maelfu kwa maelfu wanatafuta nini humo. Ningekuwa mimi msomaji, ningeruka aliyeandika kwamba aligundua anapenda kusaidia watu. Ningesoma aliyeandika habari za tai.

Habari zilizobaki nimezipata kwa mdogo wake, asiyeweza kutunza siri wala peremende. Dada hakuweka amana. Amejiandikisha kozi ya CNA kwenye chuo cha jamii, inaanza mwezi wa tano. Sheria ya shirikisho ya 1987 inataka saa 75 kwa uchache, 16 zikiwa za vitendo mbele ya msimamizi, kisha mtihani wa jimbo. Nilipiga kigelegele kidogo, jikoni, na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo atakuja kwetu?"

"Hapana. Anataka kwenda kule Dublin."

Dublin ya hapa, msishtuke, kitongoji tu cha kaskazini magharibi. Nyumba nyingine! Nimelizungusha na hili. Labda hataki aitwe mtoto wa fulani. Labda anaogopa nitamnyang'anya kila mzigo kabla hajaushika, na hapo atakuwa kanijua vizuri. Nimeulizia: Dublin wanalipa dola moja na senti kadhaa zaidi kwa saa. Yaani mtu ambaye hajamgeuza hata mzee mmoja ataanza juu ya mama yake. Nilidhani litaniuma, badala yake nimelitangaza kwa zamu nzima, hata kwa mlinzi wa mlangoni.

Yeye mwenyewe bado hajaniambia neno. Tunapishana asubuhi, mimi naingia, yeye anatoka, shikamoo mama, marahaba, chai iko kwenye chupa. Sitamuuliza. Herufi 702 zangu zimo kwenye simu na sitamwonyesha mpaka afanye angalau zamu chache, asije akaniibia yule mzee.

Sasa, kuna jambo jingine. Friji limeanza tena ule mlio, mliosoma habari ya mwaka jana mnaujua, na safari hii linatoa na maji chini. Ndani kuna nusu mbuzi tuliyogawana na jirani, na baba watoto yuko Nebraska na lori lake hadi wiki ijayo. Kama yupo anayemjua fundi hapa Columbus asiyedai pesa kwa kuja kutazama tu, aniandikie kabla ya Jumamosi.