Basi mpaka Marsabit, halafu ngamia: siku nne kwenye Chalbi

Basi lilitoka Eastleigh saa moja usiku, na mpaka tunafika Isiolo nilikua nishajua majina ya watoto wote waliokaa siti tatu mbele yangu na tatu nyuma. Basi la kaskazini ndivyo lilivyo. Mtu anakupakatisha mtoto wake bila kukuuliza, anaenda kuongea na konda, akirudi anakuta mtoto amelala na wewe umelala na hakuna mtu ameona ajabu.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Marsabit, na nilipomwambia naenda jangwa la Chalbi kutembea na ngamia akaniangalia kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, una watu huko?" Nikamwambia niko nao, kuna rafiki tuliyefanya naye kazi amenipeleka kwa mjomba wake. Akatulia. Halafu akaanza kunipa stori za hii barabara. Kwa miaka mingi lami ilikua inaishia Isiolo, kutoka hapo mpaka Moyale ni changarawe na mashimo, na yeye akiwa msichana walikua wanapanda lori za ng'ombe, ng'ombe wako chini na watu wako juu wameshikilia vyuma, siku mbili, mvua ikinyesha siku tatu, na magari yanaenda kwa msafara yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Lami ilikuja kufika Moyale juzi tu, mwaka wa 2016 hivi. Sahii unalala Nairobi unaamka Marsabit.

Mimi lakini sikuamkia Marsabit. Saa nane usiku, tumepita Laisamis, tairi la nyuma likapasuka. Pale ni jangwa la Kaisut, tambarare, giza, hakuna taa hata moja upande wowote. Tukashuka wote, na spea iliyokuwepo ilikua imeisha meno kabisa kwa hivyo dereva akawa anangoja basi lingine lipite limsaidie. Nilikasirika, kusema kweli, maana watu na watoto hawabebwi usiku hivyo na spea ya namna ile. Lakini nakumbuka nilipokaa chini nikasikia lami bado iko na joto, saa nane usiku, joto la jana, na wale watoto wakalazwa juu yake wakafunikwa shuka wakalala kama wako kitandani. Tulikaa masaa mawili na nusu.

Halafu Marsabit yenyewe ni baridi! Watu wengi hawajui. Umetoka kwenye jangwa, basi linapanda mlima, ghafla ni ukungu na msitu na watu wamevaa makoti, kwa sababu ule mlima umesimama peke yake na kila unyevu unaopita na upepo unanaswa pale juu. Wenyeji wanapaita Saku. Ni msitu huo huo alikokua anaishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu ambaye Mzee Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya rais 1970, akafa 1974, ukienda makumbusho ya Nairobi utaona mfano wake. Nilitamani kukaa siku moja lakini gari la Maikona, kijiji cha ukingoni mwa Chalbi, lilikua linatoka mchana na sikutaka kulikosa. Nikanunua sukari, majani ya chai, unga, na tumbaku ya mzee, yule mjomba wa rafiki yangu, hiyo nilikua nishaambiwa mapema usiende mikono mitupu.

Land Cruiser ilikua na magunia, miraa, na watu kumi na wanne nilivyohesabu mimi. Ukishuka mlima upande wa kaskazini mawe yanaanza, mawe meusi ya volkano yamemwagwa kila mahali mpaka macho yanachoka, halafu polepole yanapungua na nchi inakua nyeupe. Hapo ndio Chalbi inaanza. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, hiyo yote ilikua ziwa, na ukitembea juu yake unaamini, maana ardhi imelala kama meza na juu kuna gamba la chumvi linalovunjika chini ya kiatu kama maganda ya mayai.

Mzee alinipokea Maikona na kijana wa dada yake, mvulana wa miaka kama 16. Wagabra, wafugaji wa ngamia wa huko, hawasalimii kwa haraka. "Nagaa?" Unajibu "nagaa", amani, halafu anauliza amani ya watu wako, ya mifugo, ya njia uliyokuja, na yote jibu ni lile lile, na hakuna mtu anaongea mambo ya safari mpaka hiyo iishe. Nilikua na haraka ya kuuliza maswali, nikajifunza kungoja.

Ngamia walikua watatu, madume yaliyohasiwa ya kubeba mizigo. Na mimi kichwani nilikua nimejiona niko juu ya ngamia, nimefunga kilemba, kama picha tunazoonaga za Misri. Mzee akanieleza bila kunicheka kwamba ngamia wao kazi yake ni kubeba nyumba na kutoa maziwa, mtu anapandishwa akiwa mgonjwa, mzee sana au mtoto mdogo. Wewe una miguu, tembea. Na nyumba kweli wanabeba, si maneno tu, familia ikihama wamama wanabomoa nyumba, zile fito zilizopindwa, mikeka na ngozi, yote inafungwa juu ya ngamia na kesho jioni imesimama mahali pengine.

Kufunga mzigo ni kazi ya saa nzima. Ngamia anapigishwa magoti, analalamika na sauti ya kutoka tumboni utadhani anachinjwa, mikeka inawekwa kwanza kuzunguka nundu ili fito zisimchune, halafu fito, halafu kamba, na kila kamba mzee anaivuta, anaweka goti ubavuni mwa ngamia, anavuta tena. Mitungi ya maji ilikua 6 ya lita 20, mitatu kila upande, juu ya ngamia mkubwa aliyetulia. Wengine wakabeba unga, sufuria na hema langu.

Siku ya kwanza ilienda vizuri. Tunaanza kabla jua halijatoka, tunatembea mpaka kama saa nne, tunalala chini ya kivuli chochote mpaka saa kumi, tunatembea tena. Mchana ule wa kwanza ndio niliona mazigazi sawasawa, maji kabisa, yana mawimbi, na kichaka kimoja kimesimama hewani juu ya hayo maji. Ngamia wao walikua wamekaa wote wameelekeza uso kwenye jua. Nilidhani ni bahati tu lakini jua likisogea nao walikua wanasogea, na mzee akaniambia angalia vizuri, akikaa hivyo jua linampata kifuani na usoni tu, ubavu wote unabaki salama. Na mwili wa ngamia wenyewe unakubali kupanda joto, asubuhi uko digrii 34 mchana unafika 40, kwa hivyo hapotezi maji kwa jasho kama sisi. Ile nundu ni mafuta, si maji kama tulivyoambiwa tukiwa wadogo.

Siku ya pili ndio ile ninayotaka kuwaambia.

Tulikua tunavuka ulimi wa mawe meusi unaoingia kwenye chumvi. Upepo ulikua mkali, huko upepo hauishi. Kifuniko cha hema langu, kile cha plastiki cha kuzuia mvua, asubuhi nilikikunja mwenyewe na kukichomeka chini ya kamba badala ya kumpa kijana akifunge. Upepo ukakitoa. Kikaruka kikimpiga ngamia wa maji usoni, na ngamia aliyetulia kuliko wote akaruka upande, akapiga mateke, mzigo ukaegemea na mitungi miwili ikaanguka kwenye mawe. Mmoja ulipasuka chini kutoka kona hadi kona. Mwingine kifuniko kilitoka, na mpaka kijana anaufikia ulikua umelala na umemaliza kutapika. Lita 40. Ardhi iliyanywa hayo maji kwa muda wa kusema hii sentensi, pakabaki doa jeusi, na dakika chache baadaye hata doa halikuwepo.

Hakuna aliyesema kitu. Kijana alimshika ngamia akamtuliza, anamwongelesha shingoni. Mzee aliokota ule mtungi uliopasuka, akauinamisha juu ya birika, akangoja. Vikatoka vikombe viwili hivi. Akangoja tena mpaka tone la mwisho. Mimi nilikua nasema pole, pole mzee, pole sana, mpaka akainua mkono nikanyamaza.

Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Mtungi mmoja tulishautumia, miwili imeenda, imebaki mitatu, yaani lita 60, watu watatu, siku mbili tufike Kalacha, kijiji tulichokua tunaelekea. Nikaona mbona yanatosha. Nikamwambia. Akasema, "Hiyo ni maji ya kufika." Halafu akaanza kunihesabia ya kwake kwa vidole: ngamia mmoja akichechemea tunaongeza siku. Wewe ukiugua tunaongeza siku. Upepo ukileta vumbi tusione njia, siku. Tukikuta mtu ameishiwa maji njiani, tunampa. Yeye alikua anahesabu siku tano. Nimelifikiria hilo jambo sana tangu nirudi, kwamba mimi na yeye tuliangalia mitungi ile ile mitatu na hatukuona maji sawa.

Akaamua tuache njia, twende kisima kilichokua upande wa kulia wetu, na tutembee usiku. Tukalala mpaka jua lishuke, kila mtu akapewa kikombe kimoja cha chai tamu sana, tukaondoka.

Usiku ule sijui niuelezeje. Mwezi haukuwepo lakini nyota zilikua nyingi mpaka chumvi chini inaonekana nyeupe. Nyayo za ngamia ni pana na laini, hazitoi sauti kabisa, unachosikia ni kengele ya mti shingoni mwa ule wa mbele, tok, tok, na gamba la chumvi chini ya miguu yako mwenyewe. Kisigino changu cha kushoto kilikua kimechubuka (viatu vipya, msifanye hivyo) na mzee alikifunga na kitambaa na mafuta ya mnyama, kikatulia. Ni usiku huo alinieleza habari za ukame. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023. Ng'ombe waliisha kwanza, halafu kondoo, na alikua na ngamia 30 na kitu wakabaki 9. Hakusema kwa kulalamika. Alikua anawataja mmoja mmoja, huyu alikua na rangi gani, mama yake nani, alianguka wapi. Nilimsikiliza na nikakumbuka lile doa jeusi kwenye mawe na nikaona aibu upya.

Tulifika kisimani alfajiri na tulikuta watu wengi, ngamia mia kadhaa wamekaa kwa makundi mbali na maji, kila kundi linangoja zamu, na hakuna ngamia anasogea kabla ya kuitwa. Sisi watu tulipewa maji ya kunywa mara moja, bila swali. Ngamia wetu wakaambiwa wangoje. Kisima hakikua kirefu sana, kijana mmoja amesimama ndani maji yanamfika magotini, mwingine juu yake kwenye ukingo, ndoo zinarushwa juu zikiwa zimejaa na kushuka tupu bila kusimama, na wanaimba, mmoja anaanza mwingine anamalizia, ndoo inafuata wimbo. Ngamia wetu mkubwa alipofika kwenye hori la udongo alikunywa bila kuinua kichwa. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa dakika chache tu. Niliwahi kulisoma hilo lakini pale unaona kila funda linapanda shingo ndefu vile, linapita, lingine linafuata. Maji yenyewe yana chumvi, chai yake ina ladha ya ajabu kidogo, na sijawahi kunywa chai nzuri vile. Mama mmoja akatuongezea maziwa ya ngamia kutoka kwenye chombo cha kufumwa kwa nyuzi za mizizi, kimefukizwa moshi ndani, ile harufu ya moshi bado naikumbuka.

Kwa anayetaka kwenda: msiende msimu wa mvua, Aprili na Mei au Novemba, Chalbi inageuka tope na gari likizama limezama. Ulizeni wenyeji hali ya usalama kabla ya kupanda basi, si baada. Netiweki ukitoka Maikona sahau. Viatu viwe mlivyozoea. Na chochote kinachoweza kupeperuka, mpeni mwenye ngamia akifunge.

Siku ya nne asubuhi tukaona mikoma ya Kalacha, kwanza nikadhani ni mazigazi tena, lakini haikuelea, ikabaki chini. Kuna chemchemi pale, maji yanatoka yenyewe ardhini, mbuzi wamejaa, watoto wanaoga. Nilitaka mzee apumzike angalau usiku mmoja, akakataa, akajaza mitungi yake mitano na kuanza kufunga mzigo jioni ile ile. Ule wa sita, uliopasuka, nilidhani tumeuacha kwenye mawe. Kumbe ulikua umekuja na sisi njia yote, umefungwa juu kabisa ya mzigo. Nikamwambia nitamtumia mwingine mpya na lori la Marsabit. Akasema tuma, lakini huu pia anaenda nao, ataukata katikati, wana mbuzi wapate pa kunywea.