Mtungi Uliozidi Uzito

Rasimu ya kwanza ya hadithi ya upelelezi ninayowaandikia watoto niliitupa. Ilihusu binti wa karani wa ghala mjini Roma, enzi ya Kaizari Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia mwaka 138 hadi 161, lakini binti huyo alifuata nyayo matopeni na kuokota vitambaa vilivyochanika kama mpelelezi wa zama zozote zile.

Kilichonikwamua ni kilima cha vigae. Karibu na mto Tiber kipo hadi leo kilima kiitwacho Monte Testaccio, chenye kimo cha mita 35 hivi, kilichotokana na vipande vya mitungi ya mafuta ya zeituni, mingi yake ikiwa imetoka Baetica, kusini mwa Hispania. Udongo wa mitungi hiyo ulinyonya mafuta, nayo yakachacha, hivyo ilivunjwa na kurundikwa, kisha ikanyunyiziwa chokaa ili kupunguza uvundo. Kwenye baadhi ya vigae bado husomeka maandishi ya wino: uzito wa mtungi mtupu, uzito wa mafuta na jina la mfanyabiashara.

Hapo nikapata fumbo langu. Mtungi mmoja unapopimwa ghalani unazidi uzito ulioandikwa kwa ratili nne. Watu wazima wanacheka, kwa maana ni mwizi gani aongezaye mali? Karani anauzibua na kuonja. Ni mafuta safi. Binti, aliyewahi kuona tone la maji likizama ndani ya taa ya mafuta, anachukua utete mrefu, anaziba tundu la juu kwa kidole gumba, anauzamisha mpaka chini, anaachia kidogo, kisha anaziba tena na kuutoa. Kinachomiminika kiganjani mwake ni maji. Mafuta yamechakachuliwa, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, mizani imemsaliti mwizi.

Saa hazikunisumbua sana, maana Warumi nao walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, ingawa kwao saa ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ya majira ya baridi.

Bado sijaamua ni nani aliyetia maji. Namshuku nahodha wa mashua, lakini nadhani watoto watamshuku mapema mno.