Siku ya Tatu

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimekaa na sura ya kwanza ya Mwanzo, na kilichonishika ni mpangilio wake. Majani na miti vinaamriwa kuchipua siku ya tatu, ilhali samaki na ndege wanangoja hadi ya tano, na wanyama wa nchi kavu pamoja na mwanadamu hadi ya sita. Hakuna kiumbe aliyetokea akakuta dunia haina chakula wala kivuli.

Kisiwa cha Surtsey, kusini mwa Iceland, kiliibuka baharini kwa mlipuko wa volkano mnamo Novemba 1963, kikiwa majivu na miamba mitupu. Mmea wa kwanza ulionekana ufukweni mwaka 1965. Baadaye mmea mwingine utambaao ukaanza kunasa kwa mashina yake mchanga uliopeperushwa na upepo, hata vikafanyika vilima vidogo. Shakwe walipokuja kuzaliana kwa wingi katika miaka ya 1980, kinyesi chao kilirutubisha udongo, na majani yakatanda.

Lakini si lazima kwenda mbali. Ng'oa taratibu mche mmoja wa jamii ya kunde, usuuze mizizi yake, nawe utaona vinundu vidogo mfano wa punje za mtama. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa hai na kinafanya kazi, ndani kina wekundu wa waridi. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea hauwezi kuitumia ilivyo, na kuigeuza iwe chakula chake. Mmea nao huwapa sukari iliyotengenezwa majanini kwa mwanga wa jua. Mche ukifa na kuoza, sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki udongoni, ikalisha mmea mwingine ambao haukushiriki kazi ile hata kidogo.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilipoomba kukua kiroho nilikuwa nikiomba kimo. Sasa nautazama mti kwa jicho jingine: kivuli chake hupoza udongo, mizizi yake huyafungulia maji ya mvua njia ya kupenya, na hata ukianguka, kuvu na wadudu huulainisha polepole mpaka siku moja, juu ya gogo lile lile lililolala, mbegu iliyodondoshwa na ndege inapata unyevu wa kutosha na kutoa majani yake mawili ya kwanza.