Mdogo wangu ameanua karafuu

Mdogo wangu ana mwaka mmoja na nusu, na mimi ndiye ninayeyajua maneno yake yote. Nililiona hilo kwenye kituo cha afya, mama alipompeleka chanjo ya surua ya miezi 18. Muuguzi aliuliza kama mtoto ameanza kusema. Mama akanigeukia mimi. Nikayataja papo hapo: mama, dada, taa, paka, “mai” akitaka maji, na “odi”. Hiyo odi huipiga kwenye mlango wa nyumba yetu wenyewe, kisha anasimama. Haingii mpaka aambiwe karibu. Hakuna aliyemkalisha akamfundisha, amewaona majirani tu.

Kutembea alichelewa kidogo, na hapa Wete, Pemba, mtoto akichelewa kutembea mtaa mzima una la kusema. Tena hakutambaa kama wengine. Alisota kwa makalio uwani kote, kaptura zikatoboka. Mama alikuwa na wasiwasi. Nilitafuta nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa nchi tano, Oman ikiwemo: wapo waliotembea peke yao kabla ya miezi 9 na wapo waliokaribia miezi 18, wote wazima, na kama asilimia 4 hawakutambaa kwa mikono na magoti. Nilimsomea mama taratibu, akanyamaza, akasema alhamdulillahi. Haukupita muda mrefu mtoto akasimama dede, akaachia ukuta, akaja kwangu.

Watu walishangilia siku hiyo. Lakini jambo lililonijaza moyo zaidi ni la wiki hii, na sidhani kama kuna mwingine aliyelitia maanani.

Ni msimu wa karafuu. Jioni tunakaa barazani kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, na asubuhi tunaanika kwenye majamvi. Yeye hukaa katikati yetu. Aliwahi kuitia moja mdomoni, ikamuwasha, na tangu hapo huzishika tu na kuzinusa. Juzi mchana wingu likafunga ghafla. Mama akapiga kelele, “Mvua hiyo, anueni!” Sote tukakimbilia majamvi, maana karafuu ikirowa huharibika, na bei yake nayo hushuka. Katika mbio zile nikamwona mdogo wangu anakuja kutoka kwenye jamvi la mwisho, ngumi zote mbili zimefumbwa, anayumba, anaelekea mlangoni. Akapita bila ya kupiga hodi. Akafungua viganja sakafuni, zikaanguka karafuu chache, akageuka kurudi kuchukua nyingine.

Hajui kulitamka neno anua. Ila alilielewa, akaelewa na haraka yake, na akajihesabu kuwa ni mmoja wetu. Nilisimama na jamvi mkononi mpaka mama akanikemea. Zile karafuu zake sikuzichanganya na nyingine kwenye gunia. Nimezifunga kwenye kitambaa, nimezitia katika mkoba wangu wa safari.

Maana nimepata chuo, Unguja, na siku za kuondoka zimekaribia. Nimemwekea mama daftari aandike kila neno jipya. Mama amesema msimu huu hana nafasi ya kushika kalamu, atamrekodi kwenye simu anitumie. Nimekubali, kwa sharti kwamba asimfundishe maneno ya kusema. Ayatoe mwenyewe.